Mkilua wa kiwandani: unapogoma, soma jani kwanza

Mkilua ni mti wa msituni. Kwao ni chini ya kivuli cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, mahali ambapo majani makavu yameozeana juu ya udongo, jua hupenya vipande vipande na upepo wa bahari hufika umekwisha nguvu. Sisi wa kisiwa cha Lamu tunauchukua tukaupanda kiwandani, yaani katika ua wa ndani wa nyumba, baina ya kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kwenye mchanga, na maji tunayoumwagia yametoka kisimani. Ukianza kugeuka manjano au ukikataa kuchanua, mimi hushuku kwanza chokaa, pili chumvi, tatu mwanga. Wadudu na ukosefu wa mbolea, ambavyo ndivyo watu wengi huvitaja mwanzo, huviweka nyuma kabisa.

Nazungumzia mkilua wenyewe, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Mkilua fragrans. Bernard Verdcourt ndiye aliyeuandika kwa jina hilo mwaka 1970, na katika jenasi yake uko peke yake. Ndugu zake wa familia ni mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Vilua, yaani maua yake, huingia katika vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na mrehani na asumini, hufichwa baina ya nguo ndani ya kasha, na zikifika siku za harusi mwenye mti hupata wageni ambao mwaka mzima hakuwaona.

Kabla ya kumwaga chochote, tazama jani lililoanza kuharibika liko wapi. Ni lile changa la nchani mwa tawi, au lile kuukuu la chini? Limeanzia kingoni au katikati? Ni upande mmoja wa mti, au kotekote? Ukishajibu hayo, sababu inakuwa imejitaja nusu. Mti ukishamwagiwa samadi, haluli, siki na maji ya kuoshea samaki ndani ya wiki moja, hakuna tena awezaye kusema ulikuwa ukiumwa nini.

Majani machanga ni ya manjano, mishipa imebaki kijani

Hili ndilo tatizo la mji wetu hasa. Jani jipya linachomoza limepauka, na mishipa imejichora juu yake kama mito kwenye ramani. Majani ya chini bado ni kijani kibichi, kwa hiyo mwenyewe hudhani mti una afya ila "haujashiba". Majani yanayofuata hutoka madogo zaidi, karibu meupe, kisha yanaungua kwa jua dogo tu.

Mti huo umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma chenyewe kimo udongoni, lakini udongo uliojaa chokaa hukifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Ndiyo maana kufukia misumari yenye kutu kwenye shina, dawa ambayo kila mtaa una mtu wa kuipendekeza, haisaidii kitu: unaongeza chuma mahali ambapo kile kilichopo tayari kimefungiwa.

Kupima ni rahisi. Chimba kina cha kiganja, toa udongo kiasi cha kijiko, uweke kwenye kisahani na uutone siki nyeupe. Kama kuna chokaa utaona povu, na kama ni kidogo sogeza sikio: utasikia udongo ukitoa sauti ya kuchemka, chi chi chi, kisha unanyamaza. Pima mara mbili, mara moja udongo wa jirani na ukuta na mara moja wa katikati ya kiwanda. Tofauti ya vile visahani viwili aghalabu ndiyo jibu la swali la mti upandwe wapi.

Chokaa hiyo ina njia nyingi za kuingia. Mvua huosha ukuta na kushuka nayo. Mafundi wanapotengeneza nyumba hukwangua lipu kuukuu, na kifusi hutafutiwa shimo la karibu, na shimo la karibu ni kitalu cha maua. Baadaye huja vumbi la saruji, ambalo ni baya vilevile. Kuna wanaochota mchanga wa ufuoni kwa kuwa ni mweupe na safi, wasione kwamba nusu yake ni vipande vya kombe na matumbawe. Na maji ya kisima nayo yamepita kwenye mwamba uleule, kwa hiyo hata udongo mzuri uliouweka kwenye chungu utajaa chokaa pole pole, mwaka baada ya mwaka, bila ya wewe kutia kitu.

Kama mti bado mdogo, uhamishe. Uondoe na donge lake zima la udongo, kwa sababu miti ya familia hii haipendi kuchokozwa mizizi, na uupande katika chungu kikubwa au katika kitalu kilichoinuliwa, mbali na ukuta kiasi kwamba tone la mvua litokalo ukutani lisiufikie. Udongo wa kujazia ni ule mwekundu au mweusi unaoletwa kutoka bara, upande wa Hindi na Mpeketoni, uchanganye nusu kwa nusu na mboji ya majani yaliyooza. Majani ya mwembe ni mazuri; chini ya miembe ya mashambani nyuma ya mji kuna mboji ambayo hakuna anayeiuza wala kuinunua. Omba ruhusa, chukua gunia.

Kama mti ni mkubwa na hauhamishiki, nunua mbolea ya chuma, lakini soma pakiti. Chuma kinachouzwa kwa kawaida, chenye herufi EDTA, hakifui dafu kwenye udongo wa chokaa. Tafuta chenye herufi EDDHA, unga mwekundu mweusi ambao ukiutia majini maji hugeuka rangi ya juisi ya rozela. Ni ghali na si kila duka la pembejeo linao. Mara nyingi huagizwa Mombasa. Umwage udongoni, usiupulize majanini. Majani yaliyokwisha kupauka huenda yasirudi kijani sawasawa, kwa hiyo hukumu dawa kwa majani yatakayochomoza baada yake.

Salfa ya unga, ambayo vitabu vingi vya bustani huisifu, inafaa kwenye chungu. Ardhini, mahali ambapo matumbawe yenyewe ndiyo mwamba, utamaliza salfa ya mji mzima na chokaa itakuwa bado ipo. Siki vivyo hivyo: ni ya kupimia tu.

Majani ya chini ndiyo yanayogeuka manjano

Hapa mambo ni mepesi. Jani kuukuu likigeuka manjano lote, mishipa na yote, kisha likaanguka, na mti mzima ukawa umepauka kidogo, ni njaa ya nitrojeni. Mchanga wetu haushiki chakula. Mvua za masika zikipita huondoka nacho. Samadi ya punda imejaa njiani kila asubuhi na haina bei. Irundike pembeni, uifunike, uiache mpaka isitoe joto wala harufu ya mkojo, ndipo uitandaze. Mbichi huunguza mizizi, na pia huleta magugu ya kila aina, maana punda hula mbegu akazitoa nzima.

Jani la chini likiwa manjano baina ya mishipa, kingo na mishipa zikibaki kijani, huenda ni upungufu wa madini ya magnesi. Kijiko kimoja cha chumvi ya haluli kwenye lita nne au tano za maji, mara moja kwa mwezi, kwa miezi miwili au mitatu. Usizidishe kwa kuona imefaa. Haluli nayo ni chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha.

Jani moja moja la chini kuanguka wakati mti unachipua juu si ugonjwa. Mti unabadilisha nguo.

Ncha na kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia

Chumvi. Swali ni moja tu, imeingilia juu au chini.

Zunguka mti. Kama majani yaliyoungua yako upande mmoja, ule unaokabili bahari au unaokabili nafasi baina ya nyumba mbili ambapo upepo hupita kwa kasi, basi ni upepo. Kusi ndiye mkorofi: kuanzia Aprili hivi hadi Septemba huvuma kutoka baharini na kubeba rasharasha za chumvi, na nyumba za kijiji cha Shela na za ukingoni mwa maji huzipata kwanza. Mikilua iliyowekwa juu ya paa kwa sababu "huko kuna jua" huungua yote kwa pamoja, jua na chumvi. Ishushe. Ikiwa huwezi, weka mbele yake kizuizi kinachopitisha hewa kidogo, ua la makuti au mmea mgumu kuliko wenyewe. Ukuta mzima hauzuii upepo, huufanya uruke na kuangukia upande wa pili kwa fujo. Siku ya upepo mkali ikipita, osha majani jioni kwa maji baridi.

Kama kingo zimeungua pande zote na chungu kina ukoko mweupe mdomoni, tatizo ni maji. Chota kikombe cha maji unayomwagilia, uyatie kwenye sufuria nyeusi au kikaango, uyachemshe mpaka yakauke kabisa. Kinachobaki mle ndani ndicho kinachobaki kwenye chungu chako kila siku. Visima vya ndani ya mji vingi vina chumvi. Maji matamu ya Lamu yanatokana na mvua iliyonyonywa na vilima vya mchanga vya Shela, na ndiyo maana vilima vile havifai kuchezewa wala kujengwa juu yake. Kama maji ya bomba kwenu yanatoka huko, mkilua wako una bahati.

Wengine wakusanye mvua. Mtungi mmoja chini ya mlizamu wakati wa masika ni maji ya mkilua kwa muda mrefu, ufunikwe kwa kitambaa mbu wasizalie. Kuna na maji mengine ambayo watu huyaacha yakidondoka njiani: maji ya eesi, yaani kiyoyozi. Hayana chumvi wala chokaa, na hoteli na maduka yenye eesi humwaga ndoo nzima kwa siku. Mwenye duka ukimwomba akuwekee debe hatakataa, ila atakuuliza mara tatu unayafanyia nini.

Chumvi iliyokwisha kujikusanya huondoshwa kwa kufurikisha. Weka chungu mahali penye mwanya wa kutokea maji, umwage maji matamu taratibu mpaka yatoke chini kwa wingi, ungoje, urudie. Kumwagia kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoharibu: maji hukauka juu, chumvi inabaki, na maji ya kesho huongeza yake.

Na makumbi. Nyuzi za makumbi ya nazi ni matandazo mazuri mno na huchanganywa na udongo wa chungu ili ushike unyevu, lakini yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba yamelowa chumvi mpaka moyoni. Yaloweke kwenye maji matamu, yamwage, yaloweke tena, mpaka maji ukiyaonja ulimini hayana ladha. Ndipo yaingie kwenye chungu.

Kama kingo zimeungua ghafla, ndani ya siku chache, na wewe ndiyo kwanza umetia samadi, sababu unayo mkononi. Ikwangue, furikisha.

Majani yamelegea na udongo umelowa

Mti wenye kiu hulegea mchana na kuamka jioni. Huu hauamki, na ukitia kidole udongoni kinatoka na tope. Mizizi inaoza. Hutokea masika, kwenye viwanda vilivyosakafiwa ambavyo mtaro wake umeziba, au kwenye madebe ambayo hayakutobolewa chini. Toboa, inua chungu juu ya mawe mawili matatu, kata maji. Mizizi iliyooza ni myeusi na ngozi yake huvuka ukiivuta. Ikiwa ni mingi, punguza na matawi ili mizizi iliyobaki isilemewe. Ukiona shina limekuwa laini karibu na udongo, umechelewa.

Mti umestawi, majani tele, ila hauchanui

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi, na lina majibu manne.

La kwanza ni umri. Mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa, na hakuna mbolea ya kuufanya usahau umri wake. La pili ni mwanga. Watu wameshika kwamba mkilua unataka kivuli, wakauweka kwenye kona ya kiwanda cha nyumba ya ghorofa mbili ambapo jua hupita juu kwa juu kama saa moja. Hapo utaishi, utatoa majani mapana ya kijani cha kiza, na vilua hutaviona. Unachotaka ni jua la asubuhi, au jua linalochujwa na mnazi au mwembe siku nzima. Jua la saa saba mchana lililogonga ukuta mweupe na kurudi ndilo la kuuepusha nalo. Kaa kiwandani siku moja ya mapumziko, utazame kivuli kinavyotembea. Chungu kinaweza kusogezwa hatua mbili tu kikapata kila kitu.

La tatu ni samadi kupita kiasi. Mti unaolishwa nitrojeni kila mwezi huona raha ya kutoa majani. Ulishe mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, umetosha. Pamoja na hilo kuna mkasi: wako wanaoukata uwe mviringo kila ukichipua kwa sababu wameona ua la hotelini limekatwa hivyo. Kata matawi makavu na yale yanayozuia njia, mengine yaache.

La nne ndilo linalouma. Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Langoni aliitwa kuutazama mti wa jirani yake, kijana aliyeoa karibuni, uliokuwa umefika dirisha la ghorofa bila ua hata moja.

"Mwanangu, huu umeupanda wa nini?"

"Wa vilua, bibi. Aliyeniuzia alisema utachanua mwaka wa pili."

"Utachanua, inshallah. Ila huu mlangilangi. Ua lake zuri, lakini silo ulilolitaka, na paa lako litakuwa chini yake."

Ni kosa rahisi kulifanya, kwa kuwa ni ndugu na vyote vinanukia. Mlangilangi ni mti mkubwa, unaopita mita 10 bila kujitahidi, matawi yake yananing'inia, na ua lake lina petali ndefu, nyembamba, zilizolegea. Mkilua hubaki kichaka au mti mdogo, na petali zake ni nene na fupi zaidi. Miche ikiwa midogo kutofautisha ni kazi. Njia ya salama ni kununua kwa mtu anayeweza kukuonyesha mti mama, na ukauona umechanua, na ukaunusa.

Vitumba vinapukutika kabla ya kufunguka

Kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na mvua haipo, mti wenye vitumba ukikauka siku mbili huviangusha. Ukiufidia kwa kuumwagia ndoo tatu kwa mpigo, unaangusha na vilivyobaki. Maji yawe ya kiasi na ya mara kwa mara, na juu ya udongo pawe na matandazo mazito, lakini yasiguse shina. Yakigusa, mchwa hupanda humo humo na kuanza kula gome.

Wadudu wadogo wa ganda gumu ndani ya ua si adui. Katika familia hii ya mstafeli, wao ndio wachavushaji wa kawaida. Waache wafanye kazi yao.

Na kama vitumba vinapotea usiku wa kuamkia Ijumaa au wiki ya Maulidi, usitafute mdudu.

Ua limefunguka, harufu hakuna

Limechumwa mapema. Maua mengi ya familia hii hufunguka yakiwa bado ya kijani na huendelea kukua yakiwa wazi. Ua la mlangilangi, kwa mfano, halina harufu ya maana mpaka ligeuke manjano, na hiyo huchukua wiki mbili au zaidi. Kilua kigumu cha kijani kiache mtini. Chuma asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, usikioshe, na usikifungie kwenye mfuko wa nailoni ambamo kitatoa jasho na kuoza. Leso kavu inatosha.

Masizi meusi juu ya majani, na chungu (sisimizi) wanapanda na kushuka

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu, na utomvu unatoka kwa wadudu wafyonzao walio chini ya jani: vipamba vyeupe kwenye maungio, au vigamba vidogo vya kahawia vilivyoganda kwenye mishipa. Chungu huwalinda kwa ajili ya ule utamu. Miaka ya karibuni wadudu wa pamba wameshambulia sana mipapai ya pwani, na mkilua ulio chini ya mpapai unaougua hupata sehemu yake.

Anza na maji: mpira wa maji wenye nguvu, chini ya majani, siku kadhaa mfululizo. Kisha sabuni ya kipande iliyokunwa, kijiko kimoja kwenye lita ya maji, ipulizwe jioni na majani yaoshwe asubuhi. Mwarubaini tunao kila kona. Ponda konzi mbili za majani, loweka usiku kucha kwenye ndoo ndogo, chuja, changanya na hiyo sabuni. Wazuie chungu kwa kupaka grisi juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye shina, si juu ya gome lenyewe. Chungu wakikosa njia, wadudu wa pamba hubaki bila mlinzi na wadudu wengine huwala. Masizi yenyewe hayahitaji dawa. Yataoshwa na mvua.

Majani yaliyotobolewa na viwavi mimi huyaacha. Vipepeo wa kundi la Graphium hutaga kwenye miti ya familia hii, na kule Gede mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, umewalipa wanakijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa kufuga viwavi hao hao ambao wewe unataka kuwapulizia dawa. Mti mkubwa hausikii. Mche mdogo wenye majani sita ndio wa kuokotewa kwa mkono.

Mbegu haioti, kipandikizi kinakauka

Mbegu za familia hii zina kiini kidogo mno ndani na huchukua muda kuamka. Miezi kupita kimya ni kawaida. Zipandwe mbichi, siku ile ile zinapotolewa kwenye tunda lililoiva, bila kuanikwa juani. Tumia mboji na mchanga wa mtoni au wa bara, kivulini, unyevu usikatike, na kitalu kifunikwe kwa wavu, kuku wasikichakure. Wengi huzimwaga wiki mbili kabla hazijachipua. Andika tarehe kwenye kijiti.

Vipandikizi vilivyochomekwa tu udongoni hukauka zaidi kuliko vinavyoshika. Kinachofanikiwa ni kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti. Chagua tawi la unene wa penseli au zaidi kidogo mwanzoni mwa masika. Vua gome mviringo upana wa vidole viwili, kwangua ule utelezi wa chini yake mpaka mti ukauke mkononi, kwa sababu ukiacha uzi mmoja wa gome jeraha litajiunga upya na mizizi haitakuja. Zungushia makumbi yaliyooshwa na kukamuliwa, ufunge kwa nailoni inayopenya mwanga. Mifuko ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini karatasi ya kufungia mkate inafaa, na kwa kuwa inaonyesha ndani utajua mambo yanakwendaje bila kufungua. Kaza juu na chini kwa uzi wa makuti.

Subiri mpaka uione mizizi imegusa nailoni, myeupe, na si mmoja au miwili. Mara nyingi masika huwa yamekwisha. Kata chini ya kifungo, punguza nusu ya majani, panda kwenye chungu cha udongo wa bara na ukiweke kwenye kivuli kizito mpaka uchipue, ndipo ukisogeze kidogo kidogo kuelekea jua la asubuhi. Mwaka wa kwanza usiupe samadi yoyote, na maji yake yawe ya mvua au ya eesi.